Mkono wa Kobalti

Tengeru, Julai, saa saba na ushei usiku.
Malori ya Moshi yamepungua barabarani,
meza ya chuma imeacha kutetemeka
na leza ya kijani inagonga
kibamba kisichofika ukubwa wa ukucha.

Bamba gani? Utando tu.
Kobalti ya atomi nne kwenda juu, labda tano,
imetandazwa juu ya platini,
na juu yake oksidi, shuka la kuzuia kutu.
Ukiupuliza haupeperuki. Ukiuinamia unajiona.

Nanyaro ameziba madirisha kwa magazeti.
"Ndeonasia, hivi humo tunatafuta nini hasa?"
Namwambia: mkono.

Kila atomi ya kobalti ina sindano yake,
na sindano jirani hupenda kuelekea kumoja
kama watu kwenye foleni ya benki.
Lakini pale platini inapogusana na kobalti
kuna mnong'ono unaopita mstarini:
geuka kidogo. Si sana. Upande huu, si ule.
Si sauti ya platini, si ya kobalti,
ni ya mpaka wenyewe.
Ukiunenepesha utando, husikii kitu.

Upande upi, ndiyo kazi yangu.
Joto la chumba latosha kuamsha mawimbi ya sindano,
mengine yakienda kushoto, mengine kulia,
na leza inarudi na habari zao
punje moja moja ya mwanga.
Nahesabu.

Mkono wa kulia, alisema Mwalimu Kileo, ni wa kulia.
Alimaanisha chakula.
Mimi, darasa la pili kule Kibosho,
niliujua kwa maana ile nyingine:
wa kushoto umefungwa kwa katani
kwenye mguu wa dawati,
wa kulia unaandika herufi zinazoanguka
kama mbuzi wa siku moja.
Hata kamba ile ilikuwa na upande wake wa kusokotwa.
Nilikuwa na muda wa kuichunguza.

Saa tisa vilele viwili vimeota kwenye skrini.
Havilingani.
Gigahezi moja nukta saba kati yao.
Dakta Sarakikya, simuni, sauti ya blanketi:
"Usishangilie. Mashine nayo ina kilema chake. Geuza sumaku."

Kosa la mashine halijui kugeuka,
hubaki palepale kama mtu aliyekariri.
Tukageuza. Tukasubiri.
Umeme ukakatika.

Nanyaro akasema neno la Kimeru ambalo siliandiki.
Gizani nikaufikiria ule utando:
sindano zake hazina habari na luku wala transfoma,
zimekaa zilivyokaa.
Ndiyo maana wapo wanaoota kompyuta isiyosahau,
maandishi yake vifundo vidogo vya usumaku
vigumu kufumuka, kwa kuwa vyote
vimesokotwa na mkono mmoja.
Sisi tulikuwa na tochi ya simu, asilimia kumi na moja.

Umeme ukarudi. Tukaanza upya.
Saa kumi na mbili kasoro, vilele vimebadilishana nafasi,
pengo lilelile, limepinduka.
Moja nukta saba, hasi.
Kwa kanuni tuliyokubaliana, hasi ni kushoto.

Nanyaro akauliza kama ni vizuri au vibaya.
Nikasema ni kushoto.
Wala hakuna aliyeifunga kamba.

Nikaandika daftarini kwa mkono wangu,
kiganja kikiburuta juu ya wino mbichi
kama siku zote. Nje, Meru
ulikuwa umeanza kuota mabega.

Nilipokwenda kunawa niliiona,
ubavuni mwa kiganja, namba yetu,
imegeuka, inasomeka nyuma mbele.
Bomba lilikuwa linatiririka.
Nikalifunga kwanza.